Nusu Ukurasa wa Daktari

Mkuu wa idara ya ujenzi alipomwita Mama Zege ofisini kwake, alikuwa ameshaandaa sifa za kumpaka. Alimwambia hakuna mtu chuoni mwenye Kiswahili kilichonyooka kama chake, kwamba kijitabu alichokitengeneza miaka minane iliyopita bado watu wanakisifu, na kwamba sasa idara inataka kingine cha kuwatambulisha walimu, kazi ndogo tu. Mama Zege alikuwa amefundisha pale miaka ishirini na miwili. Kilemba cha ukoka alikijua hata kabla hakijamgusa kichwa.

"Kila mwalimu aandike nusu ukurasa," mkuu akasema. "Amesoma wapi, amefanya kazi wapi, utafiti wake unahusu nini. Wewe unakusanya, unanyoosha, unapeleka kwa mpiga chapa. Mashirika yanataka kujua tuna nani hapa."

"Na mtu akiniletea kurasa nne?"

"Unapunguza. Mkasi ni wako."

Jina la Mama Zege alipewa na wanafunzi, kwa sababu hakuweza kupita kwenye jengo jipya bila kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Alifundisha zege: namna ya kulichanganya, kulimwaga, kulimwagilia maji mpaka likomae, na kuvunja vipande vyake kwenye mashine ili kujua lina nguvu kiasi gani. Darasani alikuwa mkali, nje ya darasa mcheshi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyebisha kwamba neno la mwisho kuhusu zege pale chuoni lilikuwa lake. Hakuna, mpaka alipokuja Daktari.

Daktari alikuwa mwanafunzi wake. Alimpokea akiwa binti mwembamba wa miaka kumi na tisa, aliyekaa kiti cha mbele na kuuliza maswali yaliyowafanya wenzake wagune. Mama Zege alipenda kukumbusha watu kwamba ni yeye aliyeandika barua ya kumwombea binti huyo nafasi chuo kikuu. Kisha binti akaenda, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, miaka tisa ikapita, na mwanzoni mwa muhula huu akarudi na shahada ya uzamivu, miwani ya fremu nyekundu, na ofisi iliyotenganishwa na ya Mama Zege kwa ukuta wa mbao nyembamba.

Ukuta ule ndio uliomtesa. Aliwasikia wanafunzi wakijipanga nyuma yake, wakicheka na kuombana kalamu. Alisikia simu za watu wa mbali, Daktari akiongea taratibu kama mtu anayejua atasikilizwa. Kibaya zaidi, alimsikia fundi wa maabara. Kwa miaka kumi na tano mzee huyo alianza siku yake kwa kupita kwa Mama Zege, kumjulia hali na kumpa soga za mpira. Sasa alipita kwanza kwa Daktari, na akifika upande wa pili soga zimeshaisha utamu.

Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya nyumba yao, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Leo umemtaja huyo Daktari mara saba," alimwambia jioni moja, akitoa pini mdomoni.

"Namtaja kwa sababu ni mwenzangu kazini."

"Mwalimu wa umeme naye ni mwenzako kazini. Huyo hujamtaja tangu mwaka jana."

"Wewe shona."

Akashona. Lakini Mama Zege alimwona akitabasamu juu ya kitambaa.

Karatasi za walimu zikaanza kuingia. Mwalimu wa umeme aliandika mstari mmoja na nusu, kama mtu anayelipishwa kwa neno. Mwalimu wa kuchomelea vyuma alitaja hata kwamba alikuwa kiranja mkuu shule ya msingi. Mwalimu wa hesabu aliandika utafiti wake kwa namna ambayo hata mkuu wa idara alikiri kwamba ameusoma mara tatu na bado yuko pale pale. Mama Zege alicheka peke yake, akakata hapa, akaongeza pale. Kazi ilimpendeza.

Ya kwake ilimchukua siku tatu. Alikuwa na shahada ya uzamili, ya miaka kumi na saba iliyopita. Alikuwa na makala moja iliyochapishwa, na katika makala hiyo jina lake lilikuwa la tatu. Alipoandika yote aliyokuwa nayo, nusu ukurasa haukujaa. Akaongeza ukubwa wa herufi, akaona aibu, akaurudisha.

Ya Daktari ilifika ya mwisho, na ilikuwa kurasa nne.

Aliisoma mlango ukiwa umefungwa. Vyuo viwili vikubwa. Makala kumi na moja. Miaka miwili katika kampuni iliyojenga mabwawa. Na katikati kulikuwa na mistari minne iliyomkaa kama mwiba: "Utafiti wangu unahusu nyufa katika matangi na majengo mengine yanayohifadhi maji: kwa nini zinatokea, namna ya kutofautisha ufa uliokufa na ufa ambao bado uko hai na unatembea, na namna ya kuuziba bila kubomoa ukuta mzima."

Haikuwa lugha ngumu. Hilo ndilo lililomuuma. Angetaka iwe ya kujigamba apate kuidharau. Ilikuwa mistari ambayo hata mumewe angeielewa, na ambayo yeye, kwa miaka ishirini na miwili, hakuwahi kuwa na haki ya kuiandika.

Mkuu alisema apunguze. Akapunguza. Alianza na kampuni ya mabwawa, akaendelea na makala, akabakiza vyuo. Kisha akaifikia ile mistari minne. Nafasi ilikuwepo ya kutosha, aliiona kwa macho yake. Akaifuta. Mahali pake akaandika: "Anafundisha zege na anavutiwa na masuala ya jumla ya ujenzi." Akaitazama sentensi hiyo. Ilikuwa safi, haina kosa la sarufi, na haikusema kitu.

Kama angeishia hapo, huenda mambo yangepita kimyakimya. Lakini nusu ukurasa wake mwenyewe ulikuwa bado umepungua mstari, akaongeza: "pamoja na nyufa katika matangi ya maji." Si uongo mtupu, alijiambia. Kila mwaka alikuwa na kipindi kimoja cha kufundisha nyufa.

Kesho yake Daktari aligonga mlango, akaingiza kichwa tu.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba nione ya kwangu kabla hamjachapa. Najua niliandika ndefu."

"Marahaba, mwanangu. Zimeshaenda."

Hazikuwa zimeenda. Zilienda saa moja baadaye, Mama Zege mwenyewe akizipeleka, anatembea mbio kana kwamba kuna mtu anamfukuza.

Vijitabu vilirudi vikinukia wino, nakala mia tano. Daktari alikisoma cha kwake akiwa amesimama kwenye korido. Mama Zege alimwona kupitia upenyo wa mlango: akafungua, akasoma, akarudia, akakifunga polepole na kukiweka kwapani. Hakumuuliza mtu. Siku ile upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya, na Mama Zege alijisikia mwepesi kwa muda wa kama saa mbili hivi. Baada ya hapo hakujisikia mwepesi tena.

Mwezi mmoja ulipita. Siku ya Jumanne mwanamume mmoja mwenye viatu vya matope aliingia ofisini kwake, kijitabu mkononi, kidole kikiwa kimebaki kwenye ukurasa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mhandisi wa mamlaka ya maji. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye utafiti wa nyufa za matangi."

Mama Zege aliutazama ule ukurasa, jina lake limelala pale. Angeweza kusema ukweli wakati ule. Badala yake akasema, "Karibu ukae."

Waliondoka kwa gari la mhandisi. Tangi lilikuwa juu ya mteremko, la zege, la duara, refu kama nyumba ya ghorofa mbili, na halikuwa na hata miaka miwili. Lilipeleka maji hospitali na shule mbili. Chini ya mteremko kulikuwa na soko, na mtu akisimama karibu na tangi aliweza kusikia wauzaji wakiitana. Upande uliotazama sokoni, ukuta ulikuwa na nyufa sita zilizopanda kwa mshazari, na kila moja ilikuwa imelowa kama jeraha ambalo halijakauka.

Mkandarasi aliyelijenga alikuwa anawasubiri, kofia ngumu kichwani, maneno tayari mdomoni.

"Mama, hizi ni nyufa za kawaida. Zege linapokauka linajikunja kidogo, wewe unajua kuliko sisi. Tunaziba, tunapiga lipu, kwisha. Tunataka tu barua yako."

Mama Zege aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Zege lilikuwa zuri. Lilichanganywa vizuri na lilimwagiliwa vya kutosha. Hapo hakuwa na shaka. Lakini zege zuri lenye nyufa sita za mshazari upande mmoja tu, hilo lilimpita kimo. Huenda mkandarasi alisema kweli. Huenda ufa ulikufa zamani. Na huenda uko hai. Alijua vya kutosha kujua kwamba hajui.

"Sahihi hapa tu," mkandarasi akasema, akimpa kalamu. "Wewe ndiye mtaalamu. Kitabu kimesema."

Kalamu ilikaa mkononi mwake kwa muda mrefu kuliko alivyotaka kukumbuka baadaye. Alifikiria namna mkuu wa idara atakavyolisikia jambo hili, na namna litakavyosikika upande wa pili wa ukuta wa mbao. Kisha sauti ya mwanamke mmoja sokoni ikapanda, anamwita mtoto wake aondoke juani, na Mama Zege akamrudishia mkandarasi kalamu yake.

"Nipeni mpaka kesho."

Mchana huohuo alikwenda maktaba ya chuo. Tasnifu ya Daktari ilikuwa kwenye rafu, bado mpya, hakuna aliyewahi kuiazima. Alikaa nyuma ya kabati la magazeti ya zamani ili asionekane. Kabla ya kusoma habari za nyufa alifungua ukurasa wa shukrani, na roho yake ilijua kwa nini. Daktari alimshukuru msimamizi wake, wazazi, dada zake, na rafiki aliyemkopesha kompyuta. Alimshukuru fundi wa maabara wa chuo chake cha kwanza, "aliyenifundisha kutokuwa na haraka." Mama Zege alipitisha kidole juu mpaka chini, mara mbili. Hakuwemo.

Akajikaza, akasoma. Alielewa nusu. Ile nusu aliyoielewa ilimtia hofu, kwa sababu kulikuwa na picha ya tangi lenye nyufa za mshazari upande mmoja, na chini yake maelezo kwamba tangi hilo sasa halipo.

Alirudi moja kwa moja, akagonga mlango wa Daktari, akaingia bila kungoja.

"Kuna tangi juu ya soko," akasema. "Lina nyufa za mshazari upande mmoja. Walikuja kwangu kwa sababu ya kijitabu. Walitakiwa waje kwako."

Daktari akainua macho kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi. "Kijitabu kinasema mimi napenda masuala ya jumla."

"Niliandika mimi."

"Nilidhani ni mkuu wa idara aliyekuagiza." Akavua miwani. "Nimemchukia yule baba wa watu mwezi mzima. Hata salamu nimekuwa nampa nusu."

Mama Zege hakucheka, na Daktari naye hakuwa anachekesha.

"Kwa nini?" Daktari akauliza.

Alikuwa na sababu kadhaa alizozipanga alipokuwa anavuka uwanja: nafasi ilikuwa ndogo, mpiga chapa alikuwa na haraka. Zote zikayeyuka.

"Wivu," akasema. "Nakuonea wivu tangu siku uliyoingia. Sina jibu jingine."

Upande wa pili wa dirisha wanafunzi walikuwa wanapita. Daktari akavaa miwani yake, akafungua kabati, akatoa mkoba wa vifaa.

"Twende tukalione hilo tangi," akasema. "Hayo mengine sijui nifanye nayo nini."

Gari la chuo liliwafikisha kwenye mzunguko wa barabara. Mama Zege, ambaye alipaswa kunyamaza, hakuweza.

"Kwenye shukrani hukunitaja."

"Umesoma tasnifu yangu?"

"Leo. Fundi wa maabara yumo."

Daktari alitazama nje. "Mwaka wa mwisho nilifanya mradi wa kuchanganya zege na majivu. Ulisimama mbele ya darasa zima ukasema kazi hii hakuiandika yeye. Fundi ndiye aliyekuja kukuambia kwamba nililala na zile sampuli zangu wiki sita. Ukasema sawa. Mbele ya darasa hukurudia."

"Barua ya chuo kikuu niliandika."

"Uliandika. Mistari mitatu."

Mama Zege aliukumbuka ule mradi. Alikumbuka vizuri sana, hata rangi ya jalada. Alikumbuka pia kitu ambacho hakuwahi kukitamka hata kwa mumewe: alipomaliza kuusoma aliona kwamba yeye mwenyewe asingeweza kuuandika, na ndipo akaamua kwamba binti naye hakuuandika. Wivu wake haukuanza muhula huu. Ulikuwa na miaka kumi.

Kule kwenye tangi mhandisi na mkandarasi, walioitwa kwa simu, walikuwa wameshafika, na Daktari hakupoteza muda. Alitoa vipande vyembamba vya kioo na kuvigandisha kwa gundi kali, kila kimoja kikivuka ufa kama daraja.

"Kioo hakivutiki," alimweleza mhandisi. "Ufa ukiwa umekufa, kesho tutakikuta kizima. Ukiwa hai, kitapasuka."

"Tunapoteza siku nzima kwa vipande vya dirisha," mkandarasi akanung'unika.

Mama Zege hakuwa na kazi ya kufanya. Alizunguka tangi polepole, mikono nyuma, akijiona kama mgeni aliyebaki baada ya sherehe kuisha. Upande wa sokoni akasimama. Ilikuwa kiangazi, nyasi zote za mteremko zilikuwa kavu, rangi ya gunia. Lakini hapo chini ya msingi kulikuwa na ukanda wa nyasi za kijani, mrefu kama mkeka, mbichi kabisa. Akapiga magoti, akachomeka kidole ardhini. Kikazama mpaka mwisho.

Kwa muda mfupi, na hili alilisema mwenyewe baadaye, alitamani kulificha. Daktari alikuwa anautazama ukuta. Hakuwa ameiona ardhi. Angeweza kulitunza jambo hilo mpaka kesho, alitoe mbele ya mkuu wa idara. Akasimama, goti limelowa.

"Daktari," akaita. "Njoo uone huku."

Daktari akaja, akaangalia nyasi, akaangalia nyufa juu yake, na uso wake ukabadilika. "Maji yanapita chini ya msingi. Yanachukua udongo. Tangi linazama upande mmoja." Akamgeukia mhandisi. "Usingoje vioo. Shusha maji nusu leo hii."

Mkandarasi alipandisha sauti, akataja mkataba, akataja wakubwa anaowajua. Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaenda kufungua valvu. Asubuhi walipopanda tena, vioo vinne kati ya sita vilikuwa vimepasuka, hata baada ya maji kushushwa. Wafanyakazi walipochimba chini ya ule ukanda wa kijani, walikuta uwazi ambao mtu mzima angeweza kuingia akiwa ameinama.

Ukarabati ulichukua miezi mitatu na hospitali ililetewa maji kwa malori. Soko halikufungwa hata siku moja. Taarifa iliandikwa na Daktari, jina lake kwanza, na la Mama Zege chini yake, pamoja na maelezo kwamba yeye ndiye aliyegundua uvujaji. Mama Zege aliisoma akitafuta neno la huruma ndani yake ili alikasirikie. Hakuliona. Iliandikwa kama ilivyotokea.

Yeye mwenyewe alikwenda kwa mkuu wa idara kueleza habari za kijitabu. Mkuu alisema amesikitika, akampa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka yake yote ya kazi. Kisha akaagiza karatasi ndogo za masahihisho. Mama Zege alizibandika mwenyewe, nakala mia nne na kidogo zilizokuwa zimebaki, akiwa amekaa sakafuni katika stoo ya idara. Kila aliposhika ya Daktari, aliisoma ile mistari minne. Ilipofika kama ya sitini, aliijua kwa moyo.

Hawakuwa marafiki. Kwa wiki kadhaa Daktari alimsalimia kama mtu anavyomsalimia karani wa benki. Halafu siku moja katika mkutano wa idara Mama Zege aliomba nafasi ya kusema, akasimama mbele ya walimu wote, akasema kwamba miaka kumi iliyopita alimshutumu mwanafunzi kwa kosa ambalo hakulifanya, kwamba mwanafunzi huyo yumo humu chumbani, na kwamba darasa lile limeshatawanyika kwa hiyo amelazimika kuwatumia wao. Mwalimu wa umeme alikohoa. Daktari aliendelea kuinamia daftari lake, lakini kalamu ilikuwa imesimama.

Muhula uliofuata Daktari alitoa mhadhara wa wazi, ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Mama Zege alikaa safu ya pili. Roho bado ilimuuma. Makofi yalipopigwa aliyasikia moja moja. Ulipofika wakati wa maswali, akainua mkono, akauliza kuhusu zege lililochanganywa kwa maji ya chumvi ya visima vya pale mjini, jambo lililokuwa linamsumbua tangu ujana wake.

"Hilo silijui," Daktari akasema. "Na sijaona aliyelipima."

Mama Zege akakaa. Alijisikia raha, na alijua fika kwamba raha ile haikuwa yote ya heshima. Akatoa kalamu kwenye mkoba, akaanza kuandika jinsi lingeweza kupimwa.